"Chuma Kingi" si "Damu Nyingi": Tahakiki ya Istilahi za Maradhi ya Ini

Mfasiri wa maandishi ya tiba hana budi kuipima kila istilahi kwa swali moja: mgonjwa akiisoma, atatenda nini? Hivi karibuni nilipitia tafsiri ya kijitabu kuhusu wingi wa madini ya chuma kwa wagonjwa wa ini. Sarufi yake ni safi. Lakini istilahi zake tatu zaweza kumpoteza msomaji.

Ya kwanza ni "homa ya ini sugu". Neno "homa" limekwisha kuzoeleka, ijapokuwa wengi wenye maradhi hayo huishi miaka mingi bila joto la mwili kupanda, na wengine huyachanganya na homa ya manjano inayoenezwa na mbu. Kasoro kubwa zaidi imo katika "sugu", kwani neno hilo hilo hutumika kwa vijidudu visivyosikia dawa. Mgonjwa ataelewa kuwa maradhi yake hayatibiki. Ilhali virusi vya C, vilivyotambuliwa mwaka 1989, leo huondolewa kwa vidonge vya majuma 8 hadi 12 kwa wagonjwa zaidi ya 9 katika kila 10. "Mchochota wa ini wa muda mrefu" ni istilahi ndefu, lakini haidanganyi.

Ya pili ni "damu nyingi". Kwa kuwa vidonge vya chuma huitwa "dawa ya kuongeza damu", mfasiri amedhani kwamba chuma kikizidi, damu nayo imezidi. Sivyo. Mtu aweza kuwa na chuma kingi katika ini na papo hapo akawa amepungukiwa damu. Yafaa isemwe wazi "chuma kingi mwilini". Wala "feritini ya juu" isifasiriwe hivyo moja kwa moja: feritini ni protini ihifadhiyo chuma, nayo hupanda pia kwa sababu ya mchochota wenyewe.

Ya tatu, na ya hatari zaidi, ni agizo: "Mgonjwa atoe damu kabla ya matibabu." Kwetu "kutoa damu" ni kupimwa, ni kuchangia, na ni tiba. Msomaji mwema ataelekea benki ya damu, mahali ambapo mwenye virusi hivi hapaswi kuchangia. Mwingine atamwendea mpiga chuku. Kilichokusudiwa ni daktari kuondoa mililita 450 hadi 500 kwa mara moja, ambazo huchukua miligramu 200 hadi 250 za chuma. Njia hiyo ilijaribiwa wakati wa tiba ya interferoni, kwa kuwa chuma kingi kilihusishwa na dawa kutofaulu. Dawa za sasa haziidai kwa kila mgonjwa; huwafaa hasa wale ambao chuma kimewazidi kweli, kama wenye maradhi ya kurithi ya chuma. Napendekeza "upunguzaji chuma kwa kutoa damu hospitalini".

Wako watakaosema kwamba istilahi ndefu humchosha msomaji. Hoja hiyo ina uzito katika hotuba na katika mabango. Lakini katika maagizo ya tiba, maneno mawili ya ziada ni gharama ndogo kuliko mfuko wa damu yenye virusi kumfikia mgonjwa mwingine.