Nani Anaitikia? Eric Wainaina Kutoka Jukwaani Hadi Kwenye Katuni

Fanani anapotamka "Paukwa!" huwa anaikabidhi hadhira nusu ya kazi yake. Asipopata "Pakawa!" ngano haianzi. Tulifundishwa hivyo mwaka wa kwanza katika Fasihi Simulizi, tukaandika, tukafanyia mtihani, na wengi wetu tukasahau. Mimi jambo hilo lilinirudia wakati wa likizo, nyumbani Kamembe, nikimwangalia mdogo wangu wa miaka sita akitazama katuni za Tinga Tinga Tales kwenye simu ya mama. Kila mnyama alipouliza kitu, mdogo wangu alijibu. Alijibu kwa Kinyarwanda, na mara nyingine kwa Kiswahili cha soko letu, ambalo wateja wake wengi wanavuka mto kutoka Bukavu. Yule mnyama hakusikia. Aliendelea na habari zake kwa Kiingereza.

Ninataka kuuliza katika makala haya: msanii anapohama kutoka utanzu mmoja hadi mwingine, jibu la hadhira linakwenda wapi? Mfano wangu ni Eric Wainaina wa Kenya, mwanamuziki, mtunzi wa tamthilia za muziki, na mtunzi wa muziki wa katuni hizo hizo alizokuwa akizijibu mdogo wangu.

Wainaina alizaliwa Nairobi mwaka 1973. Aliimba katika kundi la Five Alive, kisha akasomea muziki katika chuo cha Berklee, Boston. Wimbo uliomfanya ajulikane zaidi, "Nchi ya Kitu Kidogo", ulitoka mwaka 2001. Nitaomba msomaji asimame kwenye jina lake tu, kwa sababu kazi kubwa imefanyika hapo. "Kitu kidogo" ni tasfida ya rushwa, kama vile "chai". Tasfida kwa kawaida hufunika. Anayeomba kitu kidogo hataki neno lenyewe lisikike. Wainaina ameichukua ile tasfida akaitundika kwenye a-unganifu: nchi ya kitu kidogo, kama tusemavyo nchi ya maziwa na asali. Ghafla kifuniko kimekuwa bendera. Nchi si mahali ambapo kitu kidogo kinatolewa. Nchi ni mali ya kitu kidogo. Na sifa ya "-dogo" haibaki kwenye kitu, inamwagikia nchi nzima. Kinyarwanda nacho kina "akantu", neno lililojengwa vilevile na kutumika kwa haya yaleyale, kwa hiyo msikilizaji wa Rusizi hahitaji kuelezwa mara mbili. Si ajabu wakubwa wa wakati ule hawakuupenda wimbo huu. Ukiimbwa mbele ya watu, hadhira haiitikii kiitikio tu. Kila mmoja anakiri kwamba neno lile analijua, na kwamba amewahi kulitumia au kutumiwa.

Hapa ndipo ninapopima kazi nyingine zake. Lugha ni ya hadhira, jibu ni la hadhira, na msanii anasikia anapojibiwa.

Katika tamthilia ya muziki, kipimo hicho bado kinafanya kazi. Mo Faya, ambayo ilionyeshwa Nairobi na baadaye, mwaka 2009, katika tamasha la tamthilia za muziki la New York, imejengwa juu ya kisa cha Lwanda Magere, yule shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe ambaye uhai wake ulikuwa kwenye kivuli. Lwanda wa Wainaina ni mtangazaji wa redio katika mtaa wa mabanda. Sikubahatika kuiona jukwaani, nimeona vipande tu, kwa hiyo sitajifanya mjuzi wa maonyesho yake. Lakini ubadilishaji huo peke yake unanitosha kuona kwamba mtunzi alifikiri: mtu wa jiwe amekuwa mtu wa sauti. Kinachomlinda si ngozi tena, ni watu wanaomsikiliza, na bila shaka kinachoweza kumwangusha ni hao hao. Hata jina la tamthilia limeandikwa jinsi mtaa unavyotamka. Mwalimu wa Kiingereza angelipigia mstari mwekundu, na ingekuwa hasara.

Kisha zikaja katuni. Tinga Tinga Tales zilianza kuonyeshwa mwaka 2010 kwenye CBeebies, idhaa ya watoto ya BBC. Ni vipindi 52 vya ngano za usuli: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini kiboko hana nywele, kwa nini gamba la kobe lina nyufa. Wazo lilikuwa la Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya London, picha zilichorwa na kuhuishwa katika studio ya Homeboyz, Nairobi, na sauti nyingi zilikuwa za waigizaji wa Uingereza, akiwamo Lenny Henry. Mtindo wa picha umetoka kwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora wanyama Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao za mraba, akafa mwaka 1972. Jina lake la ukoo limekatwa vipande viwili, likawa kama mlio wa kengele. (Kwa mtoto wa Kiswahili tingatinga ni trekta, na mdogo wangu alisubiri trekta litokee kwa vipindi vitatu.)

Sisemi kwamba kazi hii ni mbaya. Picha zake zinapendeza kuliko katuni nyingi tunazoletewa, na ni jambo la fahari kwamba zilitengenezwa Nairobi. Wenzetu wa Idara ya Kiingereza watakumbusha kwamba mkonga wa tembo ulishasimuliwa na Kipling mwaka 1902, na mimi nitajibu kwamba tembo alikuwa na mkonga hata kabla ya Kipling. Tatizo langu liko kwenye muziki, yaani mahali pazuri kuliko pote. Wainaina anajua fasihi simulizi inavyopumua. Nyimbo zake zina sauti ya mmoja inayoita na sauti za wengi zinazoitika. Lakini wale wengi wako studioni. Jibu limesharekodiwa. Mtoto anayetazama anakuta "Pakawa!" imekwisha kusemwa na watu asiowaona, kwa lugha aliyoanza kujifunza juzi, na kazi yake imebaki kuwa kutazama.

Mtu ataniambia kwamba mtoto huimba tu hata asipoelewa, na kweli mdogo wangu anaimba. Anaimba lile jina. Ndilo neno pekee analoliweza, nalo ni la kwetu.

Ninafikiri Wainaina mwenyewe aliliona pengo hilo. Sina ushahidi wa alichokisema, nina ushahidi wa alichokifanya: katuni zile ziligeuzwa kuwa tamthilia ya muziki, na mwaka 2018 zikapanda jukwaani katika ukumbi wa New Victory, New York, ukumbi wa watoto na familia. Wanyama waliochorwa walirudishiwa miili ya watu. Mtoto akipiga kelele, mwigizaji anasikia na anaweza kugeuka. Nimefurahi kwa ajili ya watoto wa New York.

Kuna waliolitatua jambo hili kwa njia rahisi zaidi. Ubongo Kids, katuni za Dar es Salaam zilizoanza mwaka 2014, zilitungwa kwanza kwa Kiswahili, na mtazamaji aliulizwa swali akalijibu kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Kwa ufundi wa picha hazifikii Tinga Tinga Tales, na nyimbo zake nyingine ni za darasani mno. Lakini ukizipima kwa "Pakawa", zimeshinda.

Hapo ndipo gemu zinaponivutia, ingawa kwa Wainaina sijakuta gemu yoyote. Katika gemu hadithi haisogei mpaka mtu aitikie. Andrew Kaggia wa Kenya alitoka kwenye katuni yake Wageuzi akaingia kwenye gemu ya Nairobi X mwaka 2015, ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanaivamia Nairobi na wewe ndiye unayeitetea. "Wageuzi" ni neno zuri sana, limeundwa kwa kanuni zote za uundaji wa maneno tulizosoma. Natamani nisingelazimika kusema kwamba jina la gemu halikufika huko.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na wengi wetu tunakisoma ili tukafundishe. Kila ninapotaja kazi nyingine ninaulizwa ni kazi gani hiyo. Muhula huu mwenzangu anayesoma kompyuta anatengeneza gemu ndogo ya simu kuhusu Bakame, sungura wetu mjanja, na amenipa mimi maneno yote. Malipo hakuna. Nilidhani kazi itakuwa mazungumzo, kumbe wiki mbili zimeishia kwenye kitufe cha kwanza. Yeye alikuwa ameandika "Start". Mimi nikaandika "Paukwa", na chini yake kitufe cha "Pakawa". Akaniuliza Bakame afanye nini mchezaji asipobonyeza: aanze mwenyewe baada ya sekunde tano, kama gemu nyingine? Nikamwambia asubiri. Mdogo wangu alipojaribu hakubonyeza, alijibu kwa mdomo, kwa sauti, halafu akanitazama mimi.