Kuwajibu Sauti Sol kwa upendo

Wandugu wasomi, leo sichambui kitabu wala filamu. Nachambua tangazo fupi, ambalo hata ukurasa mmoja halijazi: jibu ambalo muungano wa Azimio la Umoja ulilitoa Nairobi mwezi wa tano 2022, baada ya Sauti Sol kutangaza kwamba watautafutia sheria. Mtaniuliza, mambo ya Nairobi yanatuhusu nini sisi wa Misisi? Ngojeni kidogo. Jibu la namna ile nimeshaliona hapa kwetu, limeandikwa kwa Kifaransa na kupigwa muhuri.

Tukumbushane kwanza. Tarehe 16 Mei 2022, siku ya jumatatu, Raila Odinga alimtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wake pale KICC. Wimbo wa Sauti Sol, "Extravaganza", ulisikika katika shughuli ile, na video yenye wimbo ule ikatembea mitandaoni. Siku ileile Sauti Sol wakatoa tangazo. Hawakulia tu kwamba "mmetuibia". Walitaja kosa kwa jina lake: muziki wao umeunganishwa na picha za video bila leseni ya kuunganisha. Tena wakaongeza kwamba wao hawako upande wa chama chochote, na kwamba watatumia njia za sheria.

Mimi naliona tangazo lile kuwa kazi nzuri ya maandishi. Linasema tendo, linasema haki iliyovunjwa, linasema nani hakuombwa ruhusa. Avoka yeyote akilisoma anajua aanzie wapi. Na mwenye kulijibu naye anajua ajibu nini, maana ameulizwa jambo moja tu: leseni ya video mnayo, ao hamna?

Sasa jibu. Azimio walisema, kwa ufupi, kwamba kuupiga wimbo ule mbele ya watu waliohudhuria kulikuwa ni kuonyesha upendo na kuthamini vipaji vya nyumbani, na kwamba hawakukusudia kuwavunjia heshima wala haki zao. Lugha ni laini, salamu ziko. Ukilisoma mara ya kwanza unaweza kusema, ah, watu wa adabu hawa, basi yaishe.

Lisome mara ya pili. Neno la video limeenda wapi?

Hapo ndipo ufundi wake ulipo, na hapo ndipo ninapoligombanisha. Walioshtaki walisema "mmeunganisha na video". Aliyejibu anasema "tuliupiga mbele ya watu". Katika sheria hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kupiga muziki mahali pa watu, iwe mkutano, baa ao bisi, kunalipiwa kwa vyama vinavyokusanya haki za wanamuziki. Kenya siku zile walikuwa na MCSK, KAMP na PRISK. Ukilipa kule, unaweza kupiga nyimbo za watu wengi bila kumtafuta kila mmoja nyumbani kwake. Lakini kuuchukua wimbo mmoja na kuushona kwenye picha zako, ili picha zako zipate utamu wake, ruhusa hiyo inatoka kwa mwenye wimbo ao mchapishaji wake. KECOBO, ofisi ya serikali ya Kenya inayosimamia hakimiliki, ilitoka siku zile kueleza tofauti hiyohiyo. Kwa hiyo jibu la Azimio lilikuwa sahihi kwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Ni sawa na mtu anayeambiwa "umelima shamba langu", naye anajibu, "mimi nilipita njiani tu, na njia ni ya wote."

Tuje kwenye upendo, ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Sauti Sol walilalamika mambo mawili. Moja ni mali: wimbo umetumika bila ruhusa. La pili ni jina: watu watafikiri tunampigia kampeni fulani. Kenya ilikuwa imebakiza karibu miezi mitatu kufika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti. Kwa mwanamuziki ambaye mashabiki wake wako pande zote mbili, jambo la pili si dogo. Sasa unamjibu nini mtu anayeogopa kuonekana ni wako? Unamwambia "tunakupenda"! Yaani jibu linarudia lile kosa la pili na kuliita zawadi. Kadiri Azimio wanavyoonyesha upendo hadharani, ndivyo kundi linavyozidi kuvishwa koti ambalo limesema si lake. Sidhani aliyeandika alikuwa na ubaya. Nadhani alishika neno la kwanza lililokuwa mezani, na watu wa siasa mezani kwao neno hilo halikosekani.

Kuna kitu kingine kinachofanya habari hii iwe tamu. Katika wimbo uleule Crystal Asige ameimba. Mwaka huohuo wa 2022, baada ya uchaguzi, aliingia Seneti kwa kuteuliwa na ODM, chama cha Raila mwenyewe. Wengine wakaona hiyo ni hoja dhidi ya Sauti Sol. Mimi naiona kinyume. Mtu akiingia chama kwa mguu wake, ni sawa kabisa. Wimbo hauna mguu. Unapelekwa na aliyeushika. Ndiyo maana sheria inataka mwenyewe aulizwe kwanza.

Nisiwaonee Azimio lakini. Walijibu haraka, hawakutukana, hawakusema kundi limetumwa na wapinzani, ijapokuwa mashabiki wao mitandaoni walisema hayo na zaidi. Kuna wanaojibu vibaya kuliko hivyo, tena mbali sana.

Angalia Donald Trump. Tarehe 12 Agosti 2020 aliweka Twitter video ya katuni, sekunde 55, yenye wimbo "Electric Avenue" wa Eddy Grant. Maavoka wa Grant wakaandika barua kesho yake. Video ikabaki palepale. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa Grant akaenda mahakamani New York, na hapo ndipo majibu yakaanza: ati ni mzaha wa kisiasa, ati ni matumizi ya haki. Jaji alikataa kuifuta kesi mwaka 2021, na mwaka 2024 akaamua kwamba Trump ana hatia ya kutumia wimbo bila ruhusa. Miaka minne kwa sekunde zisizofika sitini. Wangeitoa ile video siku barua ilipofika, mazungumzo yangekuwa mengine kabisa.

New Zealand ni habari tofauti, na mimi naipenda kwa sababu inaumiza kichwa. Chama cha National kilitumia katika kampeni ya 2014 muziki unaofanana na "Lose Yourself" wa Eminem. Kilikuwa kimeununua kwa duka la muziki wa kukodi, kwa bei, na risiti iko. Lakini faili yenyewe iliitwa "Eminem Esque"! Mahakama ilisema 2017 walipe dola 600,000 za kwao. Rufaa ikashusha mpaka 225,000 mwaka uliofuata. Jibu lao lilikuwa "tulinunua kwa fulani". Linafanana na lile la kampuni ya Tigo kule Tanzania, iliyoshtakiwa na AY na MwanaFA juu ya nyimbo "Usije Mjini" na "Dakika Moja" kutumika kama milio ya simu: kampuni ilijitetea kwamba ilizipata kupitia kampuni ya kati. Mahakama ya Wilaya ya Ilala mwaka 2016 iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni mbili, na kampuni ikakata rufaa. MwanaFA leo tunamjua kama Hamis Mwinjuma, mbunge wa Muheza, aliyepewa unaibu waziri wa utamaduni, sanaa na michezo mwaka 2023. Maisha hayo!

Sasa turudi kwetu, maana najua mtu atasema: hayo ni ya wenye avoka. Hapa Misisi nani ataandikia nani?

Sheria tunayo. Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na tuko ndani ya Mkataba wa Berne tangu miaka ya sitini. Tulikuwa na SONECA, ikaja SOCODA tangu 2011. Tena sheria yetu ni ya ukoo wa Ubelgiji na Ufaransa, ambako jina la mtunzi lina uzito wa pekee: unaweza kuuza kazi yako, lakini haki ya kuitwa mwenye kazi inabaki kwako. Kwenye karatasi tuko vizuri. Ila ukitoka hapa kutafuta tribinali kubwa ni Uvira, na barabara ya kupita Fizi na Baraka mnaijua wenyewe, mvua na vizuizi. Mwenye komputa anayewatilia wachimbaji nyimbo mia tano kwenye karati memwari hajawahi kuandikiwa barua na Fally Ipupa wala mtu yeyote. Kwa hiyo watu wanasema, shitaki tu, tutaonana.

Lakini barua zinaanza kufika, na zinaenda upande ambao wengi hawakuutegemea. Rafiki yangu mmoja hapa, lisansie wa kilimo asiye na kazi ya kilimo, anapiga picha. Picha yake ya akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu ilionekana kwenye kalenda ya shirika moja (silitaji), bila jina lake. Aliipata kalenda ukutani kwa daktari. Tukaandika barua pamoja, ukurasa mmoja: picha ni hii, niliipiga siku hii, faili ninayo, sikuombwa. Baada ya wiki tatu jibu likaja. Shirika linamshukuru, linathamini vijana wa Fizi wenye vipaji, picha imetumika kwa kuinua sauti ya jamii, na nia ilikuwa njema.

Nililisoma nikacheka, nikamwambia, huyu ni Azimio! Upendo, vipaji vya nyumbani, nia njema. Kalenda haikutajwa hata mara moja. Jina halikutajwa. Makuta ndiyo usiseme.

Nia njema ina mahali pake. Inaweza kupunguza hasira, pengine hata kiasi cha fidia. Lakini haijibu swali la kama ruhusa ilikuwepo, kwa sababu swali hilo lina majibu mawili tu, na lote moja ni fupi kuliko aya ya shukrani. Kama ruhusa ipo, toa karatasi. Kama haipo, sema tumesimamisha kugawa nakala zilizobaki, nakala zilizotoka ni ngapi, jina tutaliweka wapi, na tunapendekeza kulipa nini. Mistari minne. Hata Azimio wangeweza: video tumeitoa leo saa fulani, leseni ya kupiga muziki ukumbini hii hapa, ya kuunganisha na picha tunaomba tuzungumze, na wimbo huu hautatumika tena kwenye kampeni yetu bila ninyi kukubali. Mstari huo wa mwisho ungewapa Sauti Sol kile ambacho upendo uliwanyima.

Na upande wa pili usisahauliwe, kwa sababu wengi wetu ni watu wa mitihani na fotokopi. Si kila anayetisha ana haki. Mwanafunzi akinukuu aya moja ya kitabu katika kazi yake ya mwisho, akataja mwandishi na kitabu, mtu akimwandikia "nitakushtaki", asikimbie kufuta. Mkataba wa Berne katika kifungu cha 10 unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa, kwa kiasi kinachohitajika, mradi jina litajwe. Jibu hapo pia ni fupi na halina haja ya kuomba msamaha: nimenukuu mistari hii, kwa sababu hii, jina lako liko chini ya ukurasa. Kunakili silabisi nzima na kuiuza getini kwa chuo, hiyo ni habari nyingine, na hapo msinitafute nije kuwatetea.

Rafiki yangu hakulipeleka jambo lake Uvira. Tuliandika barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, yenye maswali matatu: kalenda ngapi zimechapwa, nani aliwapa faili, na jina litawekwa lini. Ile ya shukrani tuliambatanisha nyuma, tukapiga mstari chini ya neno "vipaji". Wamejibu safari hii kwa siku nne. Swali la kwanza wamelijibu: kalenda 300. Mawili bado tunayangoja.