Tepu kwenye Bodi ya Kirikuu

Godoro la tano kwa sita lina upana wa sentimita 152 na urefu wa sentimita 183. Nililazimika kuyajua hayo nikiwa nimesimama juani Keko, Dar es Salaam, godoro jipya limeegemezwa ukutani, na mbele yangu kirikuu, pikapu ndogo ya Kijapani, ambayo kwa macho ungedhani imeundwa kubeba trei za mayai. Nikamwambia dereva aniitie mwenzake mwenye gari kubwa. Hakunijibu. Alifyatua makomeo, akashusha kuta za bodi, wa nyuma na za ubavuni, na godoro likalala pale juu kana kwamba lilikatiwa hapo.

"Sasa kubwa la nini, mzee?"

Fundi wa vitanda alikuwa na tepu, nikaiazima. Bodi ya ile Suzuki Carry ilikuwa na urefu wa sentimita 194 na upana wa 141. Kwa upana godoro lilizidi kama sentimita tano na nusu kila upande, ndiyo maana kuta zilishushwa. Kwa urefu kulibaki nafasi ya kiganja. Gari zima halifiki mita tatu na nusu.

Usiku nikatafuta vipimo vya kiwandani vya Ford F-150, mmoja wa ukoo wa pikapu ulioongoza kwa mauzo Marekani tangu 1977. Nilichukua ile ya milango minne na bodi fupi, inayopendwa na familia. Kutoka bampa hadi bampa ni mita 5.88. Bodi yake ina urefu wa sentimita 170. Godoro langu lisingeenea humo bila mlango wa nyuma kuachwa wazi, na lisingegusa sakafu pia, kwa sababu kati ya vile vichuguu vya bati vinavyofunika matairi kuna sentimita 129 tu. Kwa hesabu ya haraka, kirikuu imetoa zaidi ya nusu ya urefu wake kwa mzigo. F-150 imetoa chini ya theluthi.

Sizungumzii nguvu. F-150 itavuta mashua ambayo kirikuu haiwezi hata kuisogeza. Ninachouliza ni kitu kidogo zaidi: ilikuwaje vyombo viwili vyenye kazi moja vikafika mbali hivi? Wengi husema Wamarekani wanapenda makubwa. Wanapenda kweli, lakini waliwahi kununua pikapu ndogo kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Nadhani jibu liko mahali ambapo mtunga sheria aliweka tepu yake.

Tuanze Japani. Baada ya vita, mwaka 1949, serikali ilitenga daraja la magari madogo, yanayoitwa kei, na kuyapunguzia kodi na masharti. Kipimo kimekuwa kikiongezwa: injini za cc 360 miaka ya 1950, cc 550 mwaka 1976, cc 660 mwaka 1990. Tangu 1998 mipaka ni urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na kimo cha mita 2. Pikapu ya daraja hili, kirikuu ikiwemo, inaruhusiwa kubeba kilo 350.

Angalia tepu imewekwa wapi: nje ya gari, kuzunguka bati lote. Mhandisi amepewa sanduku, na kila sentimita anayoiweka mbele ameipokonya nyuma. Basi boneti ikaondoka. Dereva akasogezwa mpaka miguu yake iko karibu na taa. Injini ya silinda tatu ikalazwa chini ya kiti, na ndiyo maana fundi wa kirikuu hafungui boneti, ananyanyua kiti, na abiria wa safari ndefu anashuka ameivishwa makalio. Subaru, kwa ukaidi wao, waliipeleka injini ya Sambar nyuma kabisa, nyuma ya ekseli. Honda kwenye Acty waliiweka mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, chini ya bodi. Majibu tofauti kwa swali lilelile, na katika yote bodi imebaki tambarare. Sakafu imenyanyuliwa juu ya matairi, hakuna kichuguu, na kuta tatu ziko kwenye bawaba. Anayepakia magunia anasimama ubavuni na kuyasukuma. Hahitaji kupanda.

Gari lenyewe, tupu, lina uzito wa kilo kama 700. Maana yake, hata kwa ruhusa ya kiwanda tu, linabeba nusu ya uzito wake. Sijui vyombo vingi vya magurudumu manne vinavyoweza kusema hivyo.

Sasa Marekani, na hapa kisa kinaanza na kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa bei rahisi kutoka Marekani walifurika Ulaya, na nchi za Soko la Pamoja zikapandisha ushuru. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akalipiza kwa ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa nne: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori mepesi. Aliyelengwa kwenye malori alikuwa Volkswagen wa Ujerumani Magharibi. Vita vya kuku vimesahaulika. Ushuru wa malori mepesi upo mpaka leo, umepita miaka 60, na watu wa biashara ya magari wanauita kodi ya kuku.

Kwa muda, wajanja waliuzunguka. Chevrolet LUV iliyotengenezwa na Isuzu, na Ford Courier iliyotengenezwa na Mazda, zilishuka bandarini zikiwa na kichwa na chesisi bila bodi. Gari lisilo na bodi si lori kamili, ushuru wake ukawa asilimia 4, na bodi ikafungwa nchi kavu. Mwanya huo ulizibwa 1980. Subaru walifanya kituko kizuri zaidi: kwenye pikapu yao ya BRAT walifunga viti viwili vya plastiki ndani ya bodi, vikitazama nyuma, upepo na mvua vyote juu ya abiria, ili forodha iihesabu kama gari la abiria. Ronald Reagan alikuwa nayo moja kwenye ranchi yake.

Lakini kodi ya kuku haikuiua pikapu ndogo, na hapa ndipo wachambuzi wengi huishia mapema. Ilimfungia nje mgeni, basi. Mwenyeji aliendelea. Chevrolet ilitoa S-10, Ford ikatoa Ranger kwa mwaka wa 1983, na mwaka huohuo Nissan ikaanza kuunda pikapu Smyrna, Tennessee, ndani ya uzio wa ushuru. Zilikuwa gari za wakulima wadogo, wanafunzi, mafundi bomba. Kilichoziondoa hizi ni tepu ya pili.

Baada ya mafuta kupanda 1973, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya 1975 iliyotaka kila kampuni ifikie wastani fulani wa matumizi ya mafuta. Malori yalipewa kipimo chepesi kuliko magari madogo. Baadaye kanuni ikaandikwa upya, na kufikia modeli za 2011 kila gari lilikuwa na lengo lake kulingana na alama ya matairi, yaani umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ukizidishwa na umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia. Eneo kubwa, lengo jepesi.

Nia ilikuwa njema. Walitaka kampuni isiadhibiwe kwa kuwa tu inauza magari makubwa, wala isipunguze magari kwa namna ya kuhatarisha abiria. Lakini hebu ifuate hesabu. Ranger ya zamani ya kichwa kifupi ilikuwa na eneo la mita za mraba 4 na kidogo. F-150 ya milango minne ina zaidi ya 6. Kwenye kanuni zilizotangazwa 2012 kwa ajili ya modeli za 2025, lori dogo kabisa lilitakiwa kufikia takriban kilomita 21 kwa lita, na kubwa kabisa takriban 13. Ukiwa mhandisi wa pikapu ndogo una njia mbili: utafute teknolojia ghali ya kubana mafuta kwenye gari la bei ya chini, au usogeze matairi mbali zaidi. Kusogeza matairi ni chuma tu. Na gari kubwa lina faida nono, hilo halihitaji mchambuzi.

Tepu ya Japani ilizunguka gari lote na kusema usivuke hapa. Tepu ya Marekani iliwekwa kati ya matairi, na kila ukiinyoosha unapewa nafuu. Kiwanda kilichofunga Ranger ya zamani huko Minnesota kilizima mitambo Desemba 2011. Ranger iliyorudi 2019 ilirudi imenenepa.

Kuna kizuizi kwenye hoja yangu, nacho ni Hilux. Ile ya 1968 ilikuwa na mita 4.2. Ya leo ina 5.3, na imekulia Thailand, Australia na Afrika, ambako hakuna kodi ya kuku wala hesabu ya alama ya matairi. Iliongezwa na wanunuzi. Mtu alitaka gari la shamba Jumatatu na la kanisani Jumapili, akapewa dabo kebini, na viti vya nyuma vikaila bodi. Kwa hiyo sheria haiumbi tamaa. Inachofanya ni kuziba mlango wa chini, ili mwenye haja ya kidogo asikute kitu. Thailand mlango haukuzibwa: Novemba 2023 Toyota ilizindua Hilux Champ, kichwa kimoja na bodi tambarare, kuanzia baht 459,000.

Na haja ya kidogo ipo hata Marekani. Ford walipoleta Maverick 2021 kwa bei ya kuanzia dola 19,995, walielemewa na oda, na Januari 2022 wakasitisha kupokea nyingine za modeli ya 2022. Nayo ina mita 5.07, na bodi yake ya sentimita 138 ingenikatalia godoro. Wengine wameamua kuagiza kirikuu zilezile kutoka Japani, kwa kuwa gari likifikisha miaka 25 linasamehewa viwango vya usalama vya shirikisho, ingawa baadhi ya majimbo yamezigomea usajili.

Majimbo hayo hayakukosea kabisa. Kwenye kirikuu, bampa ni magoti yako. Hakuna chuma cha maana kati ya dereva na lori linalokuja, na sitamshauri mtu kuipeleka barabara ya Morogoro usiku. Lakini boneti ndefu nayo ina watu wake inaowaumiza. Mwaka 2023 taasisi ya usalama barabarani ya IIHS ya Marekani ilikuta kwamba magari yenye boneti ya kimo cha zaidi ya mita moja huua mtembea kwa miguu anayegongwa kwa uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi kuliko yenye boneti fupi iliyoinama.

Tuliposhusha godoro, nilichungulia chini ya bodi. Springi za nyuma zilikuwa zimeongezwa majani mawili, mapya kuliko mengine. Nikamwambia dereva kiwanda kinaruhusu kilo 350, yaani mifuko saba ya saruji.

"Saba?" Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Mimi nabeba ishirini. Nikiwa napanda Pugu ndiyo napunguza, kumi na tano."