Lubugo Bora Hujulikanaje? Mwongozo wa Kukagua Nguo ya Gome la Mti

Kanazi iko kusini mwa mji wa Bukoba, kwenye njia ya kwenda Muleba. Zama za Wajerumani ilikuwa makao ya Omukama (mfalme) Kahigi wa Kihanja, na hadi leo anayepita huko hupokewa na vibanja: migomba, mibuni chini yake, na miti michache ya kivuli iliyoachwa isimame kwa makusudi. Mmoja wa miti ya vibanja vya ukanda huu wa ziwa ni wa jamii ya mkuyu. Wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis, na Waganda huuita mutuba. Gome lake la ndani ndilo linalotoa lubugo, nguo iliyowavika watu wa magharibi ya Ziwa Viktoria kwa karne nyingi kabla ya pamba kufika.

Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, Novemba 1861. Katika kitabu chake cha 1863 aliziandika nguo hizi kwa jina la mbugu. Wakati huo misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuwa tayari imeanza kuleta vitambaa vya pamba, na taratibu lubugo ikaacha kuwa nguo ya kila siku, ikabaki kwenye matambiko, mazishi na sherehe za kifalme. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi wa lubugo wa Buganda kuwa urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika Orodha Wakilishi ya urithi usioshikika.

Tangu hapo lubugo imepata wapenzi wapya. Watu huitundika ukutani, huiwekea fremu, huishonea mikoba na vivuli vya taa, na wasanii huchora juu yake. Vipande vingi vinavyouzwa sasa hutoka Uganda, na mnunuzi wa Bukoba huvipata kwa waliovuka navyo mpaka wa Mutukula. Kwa macho ya haraka vyote ni vya kahawia na vyote vinafanana. Hapo ndipo mtu anapotozwa bei ya kazi ya siku nyingi kwa kipande kilichopondwa harakaharaka.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kutofautisha alama ya mti na alama ya haraka. Tundu lililoachwa na tawi, mstari mweusi wa kovu la gome, upana usiolingana juu na chini, hizo ni alama za mti, na mjuzi huzipenda. Unene wa mabonde na milima, mikunjo inayopasuka na kiraka kilichovutwa kwa uzi mnene ni alama za fundi aliyekimbizana na muda.

Kazi inavyofanyika

Huwezi kukagua kitu usichojua kimetengenezwaje. Gome huvunwa msimu wa mvua, maji yanapopanda kwenye shina na gome kuachia kwa urahisi. Fundi hukwangua kwanza gome la nje lililokauka, kisha hukata duara juu na duara chini, huchana mstari mmoja wa wima, na hulibandua gome la ndani taratibu kuanzia chini kwenda juu. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba lisikauke. Gome huota tena, na mti uliotunzwa vyema huvunwa mara nyingi katika maisha yake. Uvuno wa kwanza kwa kawaida hutoa kitambaa kigumu, na unaofuata hutoa kilicho laini zaidi.

Baada ya hapo gome hulainishwa kwa moto au mvuke, kisha huwekwa juu ya gogo lililochongwa bapa na kupondwa kwa nyundo za mbao ambazo vichwa vyake vimechongwa mifereji. Nyundo huenda kwa daraja: yenye mifereji mipana hufungua nyuzi, ya kati huzisambaza, na yenye mifereji membamba humalizia. Kazi hufanyika ndani ya banda lililo wazi pembeni, kwa sababu gome likipigwa na jua mapema hukakamaa kabla nyuzi hazijatanuka. Likipondwa vya kutosha huwa pana mara kadhaa kuliko lilivyotoka mtini. Mwishowe hutandazwa nje, huvutwa pande zote na kuwekewa mawe pembezoni, na hapo ndipo jua huligeuza kutoka rangi hafifu hadi wekundu wa udongo wa tofali.

Kipime kwenye mwanga

Kishike kipande mbele ya dirisha au mlango, jua likiwa nyuma yake. Lubugo haina mtande wala mshindio, kwa hiyo usitafute mpangilio wa kitambaa kilichofumwa. Kinachotakiwa kuonekana ni wavu wa nyuzi zinazopishana, mwanga ukipenya kwa kiasi kinacholingana kutoka upindo hadi upindo. Sehemu yenye giza katikati ya sehemu angavu ina maana nyundo haikufika hapo. Vitobo vingi vya mwanga mkali vilivyosambaa maana yake fundi alipiga kwa nguvu gome likiwa limeanza kukauka, nyuzi zikakatika badala ya kutanuka.

Kipande chembamba sana si lazima kiwe bora. Cha kufunika kiti kinahitaji unene, na cha kutundika mbele ya taa kinahitaji wembamba. Uliza kwanza kitafanya kazi gani, kisha angalia kama unene wake unalingana kote.

Vidole, masikio na pua

Fumba mkononi pembe moja ya kitambaa, ikande kidogo, kisha uiachie. Lubugo iliyokamilika hujikunjua polepole na huteleza kwenye vidole kama ngozi laini ya mbuzi. Iliyokatishwa kabla ya wakati hubaki na mkunjo mkali mweupe, na ukiukunja mara ya pili mahali palepale nyuzi huanza kutoka. Isikilize pia: inayolia kama karatasi kavu imekauka kupita kiasi au haikukandwa baada ya kuanikwa. Iliyo nzuri huwa kimya.

Kisha vuta taratibu kwa urefu na kwa upana. Ni kawaida kukuta imara zaidi upande mmoja, kwa kuwa nyuzi nyingi hufuata urefu wa shina. Inapaswa kuhimili pande zote mbili bila kuachia. Harufu ya moshi kidogo au ya mti ni njema. Harufu ya ukungu ni onyo kubwa katika mji kama Bukoba, unaopata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa sababu lubugo iliyowahi kuvunda huendelea kuoza ndani kwa ndani hata ikipigwa pasi.

Mistari ya nyundo

Laza kitambaa mezani na uinamishe taa pembeni. Utaona mistari midogo inayokwenda sambamba: ni mifereji ya nyundo ya mwisho. Hii ndiyo saini ya fundi. Ikiwa membamba, yenye kina kimoja na imefunika kipande chote, amepitia nyundo zote bila kuruka. Mistari mipana inayojitokeza kwa vipandevipande huonyesha kuwa nyundo ya kumalizia haikutumika au ilipita juujuu. Kuna wauzaji wanaosifu mistari hiyo mipana kama nakshi. Nakshi ya kweli hurudiwa kwa mpango, na jicho huiona mara moja.

Viraka

Mnunuzi mgeni hukiogopa kiraka. Hakuna sababu, kwani mti una matawi, tawi huacha tundu, na tundu huzibwa. Geuza kitambaa ukitazame upande wa nyuma. Kiraka kizuri kimekatwa kutoka gome la rangi ileile, nyuzi zake zimeelekezwa sawa na za kitambaa kinachozibwa, na mishono ni midogo isiyokikunja kitambaa. Zamani wengi walishonea nyuzi za mimea, na leo uzi wa pamba hutumika bila aibu yoyote. Kibaya ni kiraka cha gundi ngumu: baada ya miezi michache kingo zake hunyanyuka na kurarua kitambaa kilichokizunguka. Kanuni hiyohiyo inafaa pale vipande viwili vinapounganishwa ili kupata upana.

Rangi

Wekundu wa tofali ndio wa kawaida. Nguo za wafalme na watawala zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi. Rangi ya jua haifanani kila mahali, na mara nyingi upande ulioelekea juani umekolea zaidi ya wa chini. Kipande chenye wekundu mmoja mkali pande zote mbili huenda kimetiwa rangi ya dukani. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo kwenye pembe isiyoonekana. Kikiacha doa jekundu, mpe muuzaji nafasi ya kueleza, na bei ishuke.

Lubugo iliyogeuka turubai

Kwa anayekusanya sanaa, mambo huongezeka. Sanaa Gateja wa Uganda hushona shanga za karatasi kuukuu juu ya lubugo, na kitambaa chake hubeba uzito mkubwa bila kulegea. Acaye Kerunen alitumia nyuzi za asili katika banda la kwanza la Uganda kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2022, banda lililotajwa kwa heshima na majaji. José Hendo, mbunifu wa mavazi aliyezaliwa Uganda na kufanya kazi London, hukata lubugo na kuishona kama kitambaa chochote cha jukwaani. Katika kazi za namna hii uliza: kitambaa kinachangia nini? Kama picha ingependeza vilevile juu ya kadibodi, msanii amenunua sura ya asili tu. Gateja huacha wekundu wa gome uonekane kati ya shanga, na bila huo picha ingekuwa nyingine.

Magharibi zaidi, katika msitu wa Ituri, wanawake wa Kimbuti huchora juu ya magome yaliyopondwa kwa maji ya tunda la gardenia na makaa. Huko mchoro ndio unaotangulia: mstari unaokatika ghafla, nafasi iliyoachwa tupu, mpangilio unaobadilika katikati. Usiukague kwa ulinganifu, maana wachoraji wenyewe hawakuutafuta.

Anayetaka kuzoeza jicho kwa kazi kubwa aende Kasubi, Kampala, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Jengo kuu liliteketea kwa moto Machi 2010, likajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ndani yake pazia la lubugo hutenganisha eneo la waombolezaji na mahali walipolala wafalme.

Kununua na kutunza

Vipande vya zamani vinahitaji maswali zaidi. Lubugo ya tambiko au ya msiba ina wenyewe, na ukoo ndio wenye haki ya kuamua kama itoke. Anayetaka kuvuka mpaka na kitu cha kale aulize kwanza idara inayosimamia mambo ya kale.

Ukishaipata, usiifue kwa sabuni wala kuiloweka, kwani maji hulegeza nyuzi na kuikakamaza inapokauka. Ipunge kivulini, futa vumbi kwa brashi laini, na uihifadhi imeviringishwa kwenye bomba la karatasi badala ya kukunjwa. Usiitundike mkabala na dirisha la jua la mchana. Katika miezi ya masika ikague nyuma kila baada ya wiki chache.

Njia bora kuliko zote ni kuagiza kwa fundi. Agiza mvua zinapoanza, mwezi Machi au Oktoba, kwa sababu gome bichi la msimu ndilo linalopondeka vizuri. Mweleze mambo matatu: matumizi ya kitambaa, unene unaoutaka, na kwamba utalipa zaidi kwa mti uliokwisha kuvunwa mara kadhaa. Kisha mwombe akuonyeshe nyundo yake ya kumalizia, na siku ya kupokea mzigo ulinganishe mifereji yake na mistari iliyo kwenye kitambaa.