Wanaolinda Ngoma za Watemi

Kwa sisi wa Ngokolo, makumbusho ya Bujora ni safari ya basi hadi Mwanza, kisha daladala ya Kisesa. Wageni husifia ngoma za watemi, yaani machifu, zilizomo. Mimi nawasifu wanaozilinda. Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, vitu vingi vya ikulu vilibaki bila mwenyewe. Makumbusho ya Bujora, yaliyoasisiwa na padri David Clement, yakavipa pa kukaa. Lakini ngoma haijitunzi. Lazima mtu akague mbao kama zimeingia mchwa, atazame ngozi inavyolegea wakati wa mvua na kukakamaa kiangazi, afute vumbi bila kugusa panapobanduka. Kazi hiyo haipigiwi makofi.

Kisha wanaingia wanafunzi, kelele tele, wasimuliwe Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote isipokuwa mama mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, akaja kulipasua tumbo. Msimulizi mvivu huishia kwenye ushindi. Anayeijua kazi yake haruki kitu: katika kupasua, shujaa alimkata sikio bibi kizee mmoja, bibi akaja juu, ikabidi atafutiwe dawa. Watoto huangua kicheko. Wakitoka, kundi lingine liko mlangoni, na koo la msimulizi limeshakauka.