Kiasi cha Mwanga

Kisauni, Likoni na Changamwe, hapa Mombasa, zina jua kali na vyumba vya giza. Saa sita mchana, pale Mlaleo au Timbwani, mwanga wa nje hufika luksi 100,000. Vuka kizingiti cha nyumba ya Kiswahili, ile yenye ujia katikati na vyumba huku na huku, usimame katikati ya chumba cha futi kumi kwa kumi: luksi mia mbili ni bahati. Tofauti hiyo hatuihisi kwa ukubwa wake, kwa sababu mboni hupanuka na jicho zima hujizoesha, likafidia kilichopungua. Mche hauna mboni. Mrehani uliooteshwa kwenye kopo la maziwa kando ya kitanda hurefuka shingo ukilisaka dirisha, shina likawa jembamba na majani yakapauka, na mwenyewe akadhani umekosa maji. Anauongezea maji, mizizi inaoza.

Ndipo inapoingia kazi ya taa, na ndani ya kazi hiyo mna ufundi ambao sijaona ukisifiwa ipasavyo: kulinganisha nguvu ya taa na udogo wa mahali. Mpangaji wa Magongo au Chaani ambaye ua wake umeisha kwa matangi ya maji na kamba za kuanikia, na dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, hana shamba ila kona. Kona hiyo ikipewa mwanga pungufu haizai. Ikipewa uliozidi, inaunguza majani, inapandisha joto la chumba ambacho tayari kina joto, na inakula tokeni za umeme bure. Fundi mzuri hufanya kazi katikati ya hasara hizo mbili, tena mahali penyewe ni pembamba.

Wataalamu wa mimea huupima mwanga kwa mikromoli, yaani hesabu ya chembe za mwanga zinazotua juu ya mita moja ya mraba kwa kila sekunde. Jua la utosini hutoa karibu 2,000. Miche michanga na saladi hutosheka na 150 hadi 200. Tazama pengo lililopo hapo. Anayetaka kuliiga jua la Mombasa ndani ya chumba anahangaikia kitu ambacho mboga yake haikukiomba. Ukijumlisha siku nzima, anga ya pwani yetu humwaga karibu moli 40 kwa kila mita ya mraba, na saladi hushiba kwa moli 12 hadi 14. Ndiyo maana saladi inayopandwa nje kwetu bila kivuli hukimbilia kutoa maua na majani yake kuwa machungu: imelemewa na mwanga na joto kwa pamoja.

Chukua trei ya sentimita 60 kwa 30. Eneo lake halifiki hata moja ya tano ya mita ya mraba. Balbu tatu nyeupe za LED za wati 9, zile za kawaida za dukani, zikipangwa juu yake kwa safu na kuzungushiwa ubao mweupe ili mwanga usipotelee pembeni, huipatia mikromoli zinazokaribia 150. Hiyo ni wati 27 tu. Zikiwaka saa 14, hutumia chini ya nusu yuniti ya umeme kwa siku, na trei hupokea kama moli saba kwa kila mita ya mraba, kiasi kinachokuza mche wa afya na kulea mnanaa bila shida. Mwenye simu anaweza kupima kwa programu ya luksi. Kwa balbu nyeupe za aina hii, luksi 10,000 ni sawa na mikromoli 140 hivi, na ingawa simu haina usahihi wa kifaa cha maabara, inatosha kuonyesha kwamba kutoka katikati ya trei hadi nchani mwanga umeshuka nusu.

Hata hivyo sifa yangu hasa si ya hesabu. Hesabu humfikisha mtu mlangoni, na kuanzia hapo ni macho na mikono. Anayejua kupika wali wa nazi hatazami kikombe cha tui, hutazama mchele. Vivyo hivyo mkuzaji aliyekomaa huweka kiganja chake usawa wa majani na kukitazama kivuli chake: kikiwa na kingo kali, mwanga una nguvu, kikiwa ni wingu tu lisilo na umbo, mche una njaa. Kisha hugeuza mkono, mgongo wa kiganja ukaelekea taa, akangoja kidogo. Ukisikia joto, taa ipande. Pengo kati ya vifundo vya shina humwambia habari za wiki iliyopita, na majani ya juu humwambia za jana. Yakijikunja kwa juu na kupauka nchani, mwanga umezidi. Yakitandaa bapa kama yanataka kushika kila tone la nuru, bado anaweza kuteremsha taa kidogo.

Kimo cha taa ndicho usukani wa kazi yote. Balbu moja ikipandishwa ikawa mbali mara mbili, nguvu yake juu ya jani hushuka hadi robo. Safu ya balbu hupunguza ukali wa kanuni hiyo, na kuta nyeupe huupunguza zaidi. Chokaa ambayo wazee wetu walipaka nyumba zao ina faida hapa kuliko karatasi nyingi za kung'aa zinazouzwa kwa kazi hii, kwa sababu huutawanya mwanga sawasawa badala ya kuurusha mahali pamoja.

Kuhusu rangi ya taa nitasema msimamo wangu waziwazi. Taa za zambarau, zenye nyekundu na buluu pekee, hazifai chumbani mwa mtu. Tangu 1972, Keith McCree alipochapisha vipimo vyake vya aina 22 za mimea, inajulikana kwamba jani hutumia hata mwanga wa kijani. Tena chini ya zambarau huoni jani linapoanza kuwa manjano wala ukungu unapoanza, na katika unyevu wa hewa ya pwani ukungu hauchelewi. Balbu nyeupe ya dukani imewezekana kwa LED ya buluu iliyovumbuliwa Japani, ambayo iliwapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Chini yake jani linaonekana kwa rangi yake.

Ufundi pia ni kuchagua atakayekaa chini ya taa. Mchicha, pamoja na kupendwa kwake, ni mmea wa jua kali na joto. Umeumbwa kwa mchana wa nje, na kuulea gizani kwa balbu ni kuudhulumu. Mrehani huvumilia, lakini hutaka taa karibu na saa nyingi. Anayetaka kuuchuma kwa ajili ya kikuba, uandamane na asmini na mkadi, asiuwekee taa ya mnanaa. Dania ina tabia nyingine kabisa: siku ikirefushwa sana huharakisha kutoa maua. Kwa hiyo anayedhani atafidia udhaifu wa taa zake kwa kuziwasha usiku kucha atavuna mbegu badala ya majani. Saa 12, kama zile tulizozoea kwenye ikweta, zinaifaa.

Kuutambua mmea unaopatana na mwanga uliopo si jambo geni upande huu wa bara. Mwaka 1971, kwenye machimbo meupe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ambako matumbawe yaliurudisha mwanga na joto kutoka chini, René Haller alijaribu aina 26 za miti, na chache mno zikaishi. Mvinje ulikuwa miongoni mwazo. Ulipokua, kivuli chake kikawapa nafasi wenzake wasioweza kulikabili jua lile. Na zamani kabla ya hapo, wenye vitalu vya pwani walikuwa wakitandika makuti juu ya miche, wakiyachomoa moja moja kadiri miche ilivyokomaa. Kuchomoa kuti na kuteremsha taa ni kazi moja, na aliyelelewa chini ya makuti anaijua nusu yake kabla hajanunua balbu.

Sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayonivutia zaidi, ni ya kutoka. Mche wa pilipili au nyanya uliolelewa kwa mikromoli 150 hauwezi kuchukuliwa asubuhi moja ukawekwa kwenye paa la Mikindani. Jioni majani yatakuwa meupe kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Huanzishiwa kwenye kivuli cha makuti au neti siku mbili tatu. Baadaye hupata jua la asubuhi hadi saa tatu, kisha hadi saa nne, ukiangaliwa kila jioni, na siku ya upepo mkali wa kusi hurudishwa ndani bila kuona haya. Wiki moja hivi inatosha. Jani jipya linalotoka baada ya hapo huwa nene na dogo, lenye kijani kilichoiva, na ndilo la kwanza kuumbwa kwa kipimo cha jua lenyewe.