Namna ya Kumtambua Fundi Hodari wa Kupachika Diski

Mtu ashukaye Mbezi Luis, pale kilipozinduliwa mwaka 2021 Kituo cha Mabasi cha Magufuli kando ya Barabara ya Morogoro, hakosi kuviona vibanda vya mafundi wa simu na kompyuta, ambamo wapiga picha wa harusi, walimu na wenye maduka hupeleka diski zao za nje kama watu wawekao amana. Na kwa kuwa amana ni dhamana nzito, yafaa mwenye mali ajue kumpima fundi kabla ya kumkabidhi. Mimi nimekaa katika vibanda hivyo muda wa kutosha kuamini ya kuwa ustadi wa kupachika diski kwa kuandika amri katika Linux hauko katika wepesi wa vidole, bali katika adabu ambayo fundi huifanyia diski ya mtu kabla ya kuipachika, na zaidi wakati wa kuibandua.

Alama ya kwanza ni kutazama. Fundi hodari akiisha kuchomeka waya huandika `lsblk` tu, akasoma orodha kwa taratibu na kulinganisha ukubwa wa diski aliyoletewa na ule ulioonyeshwa. Wala hashtuki akiona diski ya tera 1 imeandikwa 931.5G, kwa sababu afahamu kwamba kiwanda huhesabu kwa 1,000 na mashine kwa 1,024. Jina `sdb` nalo halitegemei sana, maana hutolewa kwa kadiri ya kufika, kama namba ya foleni, na kesho diski ile ile yaweza kuitwa `sdc`. Hivyo diski itakayotumika daima huitafutia UUID yake, yaani kitambulisho chake cha pekee, kwa `blkid`, akaiandika katika `/etc/fstab` pamoja na neno `nofail`, ili siku diski isipokuwapo mashine iendelee kuwaka.

Alama ya pili ni kuihifadhi mali. Huandaa saraka tupu, kwa kuwa chochote kilichomo katika saraka hufichika diski ipachikwapo juu yake; kisha, ikiwa kazi ni kusoma tu, huandika `sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt/mgeni`, na herufi zile mbili, `ro`, ndizo ahadi yake kwamba hataandika kitu. Na aliyebobea zaidi, akiletewa diski ya ext4 iliyokatikiwa na umeme, huongeza `noload`, kwani bila neno hilo Linux yaweza kukamilisha shajara ya mabadiliko yaliyokatizwa, na hivyo kuigusa diski iliyodhaniwa imefungwa.

Alama ya tatu, ambayo kwangu ndiyo mizani ya zote, ni kubandua. Jioni moja mama mmoja alikuwa akinakiliwa picha za harusi ya binti yake kwenye diski yake mwenyewe, na kunakili kulipokoma akanyoosha mkono auchomoe waya. “Samahani mama, bado kidogo,” kijana fundi akamwambia, akaandika `sudo umount /mnt/mgeni`. Mashine ikakataa, ikisema mahali pale pana shughuli. Hakulazimisha. Aliandika `fuser -vm /mnt/mgeni`, akaona neno `bash` na herufi `c` ubavuni mwake, akatambua kuwa mwenye shughuli ni yeye mwenyewe, kwa dirisha lake la pili lililosimama ndani ya saraka ile. Akalitoa kwa `cd`, akairudia amri, na kwa kitambo skrini ikakaa kimya huku taa ya diski ikipepesa, kwa sababu Linux huyaweka maandishi kwanza katika kumbukumbu ya muda, ikaonekana imemaliza ilhali baadhi ya picha hazijafika diskini. Taa ilipotulia na mstari mpya ukajitokeza, ndipo alipoichomoa na kumkabidhi mama kwa mikono miwili.

Amri `mount` na `umount` zimo pamoja katika mwongozo wa kwanza wa Unix, wa mwaka 1971, na hekima ya kuziweka pamoja ingalipo: apachikaye ana deni la kubandua. Basi ewe msomaji, upelekapo diski yako kibandani, usimwulize fundi atachukua dakika ngapi; utazame mkono wake wakati taa ingali ikipepesa.